Mgeni Mpe Jembe, Lakini Mwonyeshe na Mpaka wa Shamba

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno la hekima, na kila mkulima anajua maana yake. Lakini hata yule mwenyeji wa zamani hakumpa mgeni jembe na kumwacha peke yake kondeni. Alikwenda naye, akamwonyesha mpaka ulipo, mahali palipopandwa mahindi na mahali palipopandwa viazi, na mti ambao haukatwi. Pasipo hayo, mgeni mwenye bidii huharibu kuliko mgeni mvivu, kwa kuwa mvivu hulala kivulini, lakini mwenye bidii hulima na kung'oa hata mbegu.

Nataka kuwaeleza wasomaji habari za mgeni mmoja aliyepewa jembe bila kuonyeshwa mpaka. Mgeni huyo ni mimi mwenyewe, na shamba nililoharibu halikuwa langu.

SIKU YANGU YA KWANZA

Niliajiriwa kuwa karani katika serikali ya kaunti yetu mwanzoni mwa mwaka 2014. Umri wangu ulikuwa miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimesoma katika shule ya sekondari ya misheni, ambako tulifundishwa kuamka mapema, kuwa na mwandiko safi, na kumwitikia mwalimu kwa adabu. Nikadhani ya kuwa mambo hayo matatu yatosha kumfanya mtu karani. Siku ile nilifika ofisini saa moja na nusu asubuhi, nimevaa tai, viatu vimeng'arishwa, na barua ya kuajiriwa imo mfukoni.

Hapana mtu aliyekuwa akiningoja. Mkubwa wetu alikuwa safarini. Karani mmoja mzee, ambaye alianza kazi tangu wakati wa halmashauri ya zamani, alinionyesha kiti, meza, kitabu cha kuandikia wageni, na mhuri. Akasema, "Kaa hapa. Watu wakija, wasikilize. Mengine utayajua polepole." Kisha akaenda kunywa chai. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu yote ya kuingia kazini, na hayakuzidi dakika tano.

Sisemi haya ili kumlaumu mzee yule. Hivyo ndivyo alivyopokewa yeye siku yake ya kwanza, na aliyempokea alipokewa vivyo hivyo. Mtu hawezi kumpa mwenzake kitu ambacho hakupewa.

Siku ya tatu, kama mithali isemavyo, jembe langu likaanza kukata. Alikuja mzee mmoja, amevaa koti la zamani, kofia yake ameishika mkononi.

"Hujambo, Bwana Karani."

"Sijambo, mzee. Karibu ukae."

Akanieleza haja yake. Alikuwa na maksai mmoja mnene, na mjukuu wake alikuwa amepata nafasi ya kuingia kidato cha kwanza. Karo ilitakiwa kabla ya Jumatatu. Soko kubwa la mifugo lilikuwa siku ya Alhamisi, ng'ambo ya mpaka, katika kaunti ya jirani. Lakini mwenye lori alikataa kumpakia ng'ombe huyo mpaka apate kibali cha kusafirisha mifugo. Mzee alitaka kujua jambo moja tu: je, kibali hicho hutolewa wapi?

Sikujua. Hilo ndilo neno la kweli. Lakini nilikuwa nimevaa tai, na mhuri ulikuwa mezani, na nyuma ya mzee walisimama watu wawili wakitusikiliza. Nikaona aibu. Nikakumbuka ya kuwa zamani, nilipokuwa mtoto, kila karatasi kijijini kwetu ilitoka kwa chifu. Basi nikamwambia kwa sauti ya mtu ajuaye, "Nenda kwa chifu, mzee. Yeye ndiye atakayekuandikia." Mzee alinishukuru mara mbili, akaenda zake.

Alitembea saa mbili kufika kwa chifu. Chifu akamwambia ya kuwa yeye ni mtumishi wa serikali ya taifa, na kwamba ampelekee shauri lake naibu wa kamishna mjini. Mzee akalipa nauli, akaenda mjini, akakuta foleni, akaambiwa arudi kesho yake. Aliporudi akajibiwa ya kuwa mambo ya mifugo yamekuwa kazi ya kaunti: "Rudi kule ulikoanzia." Alipofika kwetu ilikuwa Ijumaa, na soko lilikuwa limekwisha kupita.

Na daktari wa mifugo, mwenye kutoa kibali kile, alikuwa wapi siku zote hizo? Alikuwa katika boma lile lile nilimokaa mimi, mlango wa nne kutoka mlango wangu.

Maksai yule aliuzwa nyumbani kwa dalali kwa shilingi 24,000. Wenzake walio sawa naye waliuzwa sokoni Alhamisi ile kwa zaidi ya shilingi 35,000. Mtoto aliingia shuleni, lakini alichelewa wiki tatu, na deni la karo likamfuata muhula mzima.

Ijumaa ile nilipomwona mzee akiingia nilitamani kujificha chini ya meza. Lakini yeye hakupaza sauti. Alisema maneno ambayo sitayasahau: "Mwanangu, sikukasirika kwa sababu hukujua. Hata mimi sikujua, ndiyo maana nilikuja kuuliza. Lakini mbona hukuniambia ya kuwa hujui? Ningebisha hodi mlango wa pili."

KILA MTU ALIKUWA MGENI

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya jambo hili, nami sioni ya kuwa lilikuwa kosa la kijana mmoja mwenye tai. Lilitokana na namna tunavyowapokea watumishi wapya katika serikali zilizo karibu na raia.

Wasomaji wanakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda. Katiba yetu ya sasa ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 kaunti 47 zikaanza kazi, na zile halmashauri 175 za majiji, manispaa, miji na wilaya zikakoma. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule kazi nyingi zilihamishwa kutoka wizara za serikali ya taifa zikapewa kaunti. Kwa hiyo nilipoingia mimi, ofisi moja ilikuwa na watu wa namna tatu: waliorithiwa kutoka halmashauri za zamani, waliotoka wizarani, na sisi tulioajiriwa upya. Kila mmoja alikuja na desturi yake ya kufungua faili, ya kuandika risiti na ya kumjibu raia. Nani angemfundisha mwenzake? Nyumba nzima ilijaa wageni, wala hapakuwa na mwenyeji.

Tena mpaka wenyewe si mwepesi kuuona. Katika Jedwali la Nne la Katiba kazi za kaunti zimepangwa katika mafungu 14. Humo mna kilimo na mifugo, zahanati na hospitali za kaunti, masoko na leseni za biashara, barabara za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na mengineyo. Lakini vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, polisi, machifu, na shule za msingi na sekondari ni kazi ya serikali ya taifa. Mwenye kusoma Jedwali ataelewa. Lakini mkulima aliyeshuka kwenye matatu katika mji mdogo huona majengo mawili yanayotazamana, yote yana bendera, yote yana bawabu, na yote yana benchi la kungojea. Hana wajibu wa kujua ni lipi la nani. Mwenye wajibu ni karani anayempokea. Karani huyo ndiye alama ya mpaka, na alama ya mpaka iliyowekwa mahali pasipo pake huleta ugomvi kuliko kutokuwa na alama kabisa.

Huenda mtu akasema kwamba hayo yalikuwa mambo ya mwanzo, na sasa yamekwisha. Sivyo. Watu wapya waliingia baada ya uchaguzi wa 2017, wakaingia tena baada ya uchaguzi wa 2022. Wazee hustaafu, wengine huhamishwa. Kila wakati yuko mahali fulani mtu anayeketi juu ya kiti asichokijua, na yuko raia anayemjia akidhani ya kuwa anajua.

SOMO NILILOLINUNUA KWA MSHAHARA

Sikujifunza kwa kosa moja tu. Mwezi wa nne nilitumwa sokoni kukusanya ushuru. Mwenzangu aliyenitangulia alinionyesha desturi yao: jioni, kabla ya kupeleka fedha benki, toa humo malipo ya mfagiaji na bei ya ufagio, kisha upeleke zilizobaki. Ilionekana kuwa akili nzuri. Soko lilikuwa safi, mfagiaji hakungoja ujira wake, na hapana mtu aliyekula senti.

Walipokuja wakaguzi wa hesabu waliniuliza habari za shilingi 1,800 zilizokuwa katika risiti lakini hazikuwa benki. Nikawaonyesha fagio. Wakaniambia ya kuwa Ibara ya 207 ya Katiba yataka fedha zote zinazokusanywa kwa niaba ya kaunti zitiwe katika Mfuko wa Mapato wa kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imeziruhusu kutengwa, na ushuru wa soko letu haukuwa miongoni mwa hizo. Kuzitumia papo hapo, hata kwa jambo jema, ni kuvunja sheria. Nililipa fedha zile kutoka mshahara wangu, nikajifunza ibara ile kwa bei kubwa kuliko bei ya kitabu chenyewe.

Fikirini, wasomaji: hapa palikuwa na kijana mwaminifu ambaye alikaribia kuandikwa mwizi kwa sababu hapana mtu aliyemwambia sentensi moja. Na je, yule asiye mwaminifu? Yeye hufurahia giza hilo, kwa kuwa akishikwa husema, "Sikufundishwa," na mara nyingi husema kweli. Mafunzo ya kuanza kazi humlinda mwema, na humnyang'anya mwovu kisingizio chake.

SEMINA YA HOTELINI

Haikosi mtu atasema, "Lakini mafunzo yapo." Ni kweli. Baada ya miezi sita tuliitwa katika semina, katika ukumbi wa hoteli mjini. Wakubwa walihutubu juu ya maono na malengo. Tulisomewa maadili ya utumishi wa umma yaliyo katika Ibara ya 232: uadilifu, matumizi mema ya mali ya umma, huduma ya haraka na isiyo na upendeleo, uwajibikaji, na mengineyo. Tulikunywa chai kwa maandazi, tukapewa cheti kila mmoja, tukapigwa picha.

Siyadharau hayo. Ni vizuri mtumishi asikie maneno mazito. Lakini maneno yale yalibaki juu kama mawingu yasiyonyesha. Niliambiwa nihudumie raia kwa haraka, nisionyeshwe daktari wa mifugo anakaa wapi. Niliambiwa nitunze mali ya umma, nisiambiwe ushuru wa jioni uende wapi. Tena semina yenyewe ilikuja miezi sita baada ya mimi kupewa mhuri. Ni kama kumfundisha dereva wakati gari limekwisha kupinduka.

Wala kufundisha watumishi si jambo jipya katika nchi hii. Wazee wetu waliijua Kabete. Mwaka 1925 ilianzishwa huko Shule ya Jeanes, ya kuwafundisha walimu watakaokwenda kuzisaidia shule za vijijini. Walimu hao walikaa pamoja na wake zao katika nyumba ndogo za mfano, wakajifunza kilimo, usafi na malezi kwa kuyatenda, si kwa kuyasikia tu. Mahali pale pale pakawa Chuo cha Utawala cha Kenya mwaka 1961, na kwa sheria ya mwaka 2012 pakawa Shule ya Serikali ya Kenya, ambayo ina vyuo vyake vingine Mombasa, Matuga, Embu na Baringo. Hatukosi basi mahali pa kujifunzia. Lakini si kila karani wa wadi atapelekwa Kabete wiki yake ya kwanza, na hata akipelekwa, Kabete haiwezi kumwonyesha milango ya boma letu. Kazi hiyo ni yetu wenyewe tuliomo bomani. Tukiwaachia walimu wa mbali tu, tutakuwa kama mtu anayempeleka mwanawe shule ya bweni akidhani ya kuwa hana haja ya kumlea.

NJIA TULIYOIJARIBU

Mwaka 2019 nilipewa usimamizi wa makarani katika ofisi yetu, na wakaletwa wapya watatu: vijana wawili wa kiume na msichana mmoja. Hatukuwa na fedha za mafunzo. Tulikuwa na madaftari ya shule, na tulikuwa na miguu. Nikaona tuanze na hivyo.

Siku ya kwanza hapana aliyeketi. Tulipita mlango kwa mlango, katika boma letu lote, kisha tukavuka barabara tukaingia na katika ofisi za serikali ya taifa. Kila mahali niliwataja majina yao, na mwenyeji akawaeleza kazi yake. Waliandika madaftarini mambo manne: ofisi hii hufanya nini, haifanyi nini, hufunguliwa siku gani, na raia aje na karatasi gani. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima. Baadhi ya wakubwa walikiri ya kuwa hata wao hawakupata kuingia vyumba vingine.

Jioni ya siku hiyo tuliwafundisha sentensi moja, nikawataka waiseme kwa sauti: "Sijui, lakini nitauliza sasa hivi. Tafadhali kaa." Walicheka. Nikawasimulia habari za maksai, wakaacha kucheka. Kwangu mimi hilo ndilo somo la kwanza la utumishi. Karani asiyeweza kusema "sijui" ni hatari kuliko karani asiyejua, kwa sababu kutojua hutibika kwa kuuliza, lakini kiburi hakiulizi.

Katika wiki ya kwanza kila mmoja alikaa nusu siku juu ya benchi la raia, bila tai na bila kitambulisho cha kazi, katika ofisi ambako hawakujulikana. Wakaenda kuuliza haja ya kweli, kisha wakaandika walivyojibiwa, walingoja muda gani, na nani aliwatazama usoni. Msichana yule alirudi akiwa kimya. Alisema karani alizungumza na simu yake muda wote, akamwonyesha mlango kwa kidole. Tangu siku ile sijapata kumwona yeye akimwonyesha mtu mlango kwa kidole.

Wiki ya pili tuliwafundisha fedha: risiti na nakala yake, kitabu cha kila siku, benki, na ile Ibara ya 207 niliyoinunua mimi. Siku hizi kaunti nyingi hupokea ushuru kwa njia ya simu, na wengine hudhani ya kuwa hatari imekwisha. Haikwisha, imebadili nguo tu. Mkulima aweza kudanganywa akalipa kwa nambari ya mtu binafsi, na karani hana budi kumsaidia kuhakikisha kabla hajabonyeza. Tuliwaambia pia mambo yawahusuyo wenyewe, kama vile wajibu wa mtumishi wa umma kutangaza mali yake katika siku 30 za kwanza, maana wengi hukumbuka hilo siku ya 29.

Kabla ya mwezi kwisha walifuatana na bwana shamba, afisa wa afya na msimamizi wa soko mpaka vijijini. Nilitaka wajue ya kuwa umbali ulioandikwa katika faili hutembewa na mtu mwenye magoti yanayouma.

Kila mgeni alipewa mlezi, karani wa zamani mmoja, na majina yao yakaandikwa pamoja. Mgeni akikosea katika miezi mitatu ya kwanza, huulizwa wote wawili. Na mwisho wa miezi hiyo hatukuwapa mtihani wa karatasi. Tuliwaletea haja tano za kweli zilizopata kuletwa na raia, wakaonyesha kwa kutembea ni mlango gani. Kisha kila mmoja alisahihisha daftari lake, likawa urithi wa mgeni atakayefuata. Madaftari hayo yameandikwa kwa Kiswahili. Faili zetu nyingi ni za Kiingereza, lakini Kiswahili nacho ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7, na ndiyo lugha ambayo mzee mwenye maksai alinijia nayo.

YALIYOTUSHINDA

Sitaki msomaji adhani ya kuwa ofisi yetu imekuwa peponi. Makosa hayakwisha. Mmoja wa wale watatu alimpa mwanamke wa sokoni leseni ya aina isiyo yake. Lakini alikuja kuniambia siku ile ile, kabla ya jua kutua, na kesho yake tukairekebisha. Kosa lililosemwa siku ile ile ni nusu ya kosa.

Lililotushinda zaidi ni moyo wa wenye kujua. Karani mmoja wa zamani, aliyezijua faili zote za viwanja vya sokoni, alikataa kuwa mlezi. Aliniuliza, "Nikimfundisha kijana yote, mimi nitabaki na nini?" Nilimwelewa. Miaka mingi ujuzi ule ndio uliokuwa heshima yake. Wakubwa walikuja na kuondoka, lakini wote walilazimika kumwendea yeye. Nilimsihi, nikamwahidi kwamba jina lake litaandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari ili watakaofuata wamjue aliyewafundisha. Akafundisha nusu. Nusu ya pili alistaafu nayo. Mpaka leo ziko faili za viwanja tunazozitafuta, na wako watu waliorithi vibanda vya wazazi wao ambao tunawaambia warudi wiki ijayo.

Kwa hiyo nasema, kumpokea mgeni si jambo la mgeni peke yake. Ndiyo njia ya pekee ya kuwapokonya kaburi na ustaafu mali ya umma iliyo vichwani mwa watu. Mwenye kufundisha ahesabiwe kuwa amefanya kazi, asihesabiwe kuwa amepoteza wakati. Mkubwa anapoandika ripoti ya mtumishi wa zamani, na aulize: mwaka huu umemfundisha nani?

MANENO YA MWISHO

Kwa Bodi za Utumishi wa Umma za kaunti na wakuu wa idara nina ombi dogo lisilo na gharama kubwa. Mtumishi mpya asipewe mhuri kabla ya siku saba. Siku hizo saba zitaonekana kama hasara, hasa mahali penye watu wachache na foleni ndefu. Lakini pimeni hasara ya upande wa pili: nauli, siku za soko, na miguu ya wazee. Hasara hizo hazimo katika hesabu zetu kwa sababu hazilipwi na ofisi. Hulipwa na mkulima.

Kwa kijana anayeanza kazi: usingoje kuonyeshwa. Nunua daftari, pita milangoni, jitaje jina, uliza. Kuuliza si ujinga, na hapana raia aliyemdharau karani kwa kuinuka kitini kwenda kumuulizia.

Na kwa wakulima wenzangu, kwa kuwa nami nina shamba langu dogo: Ibara ya 35 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkituma mtu, mkijibiwa "nenda kule," ulizeni kwa upole kule ni wapi, kwa nani, na kwa karatasi gani. Na mkipotezwa njia, rudini mkamwambie aliyewapoteza, kama alivyofanya mzee wangu. Mimi nilifundishwa na yeye kuliko na semina.

Mzee yule bado yu hai, na mjukuu wake alimaliza kidato cha nne mwaka 2017. Hukutana nami siku za soko. Haniiti Bwana Karani tena. Husema kwa sauti, mbele ya watu, "Hujambo, Mlango wa Nne?" Watu hucheka bila kujua sababu. Nami huvua kofia, nikamwitikia, "Sijambo, mzee wangu," kwa kuwa jina hilo nilijipatia mwenyewe, na sipendi nilisahau.